Fleili au Slasha? Niliyowaambia Wakulima Pale Njoro

Hotuba kwa wakulima wenye trekta ndogo, siku ya shambani, Njoro, Kaunti ya Nakuru

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, akina mama, nanyi vijana mnaoendesha trekta za watu, hamjambo. Naona wengine mmetoka Subukia, wengine Molo, na matope ya huko bado yako kwenye viatu. Asanteni kwa kuamka mapema.

Kabla sijasema lolote, mama uliyekaa hapo mbele, tafadhali pokea hili jiwe, ulitazame, kisha mpitishie jirani yako. Ni jiwe la kawaida la huku kwetu, jeusi, linajaa kiganja, zito kuliko linavyoonekana. Ubavu mmoja una mkwaruzo unaong'aa. Hapo ndipo kisu cha slasha yangu, ile mashine ya kukata nyasi inayofungwa nyuma ya trekta, kililigonga.

Nilikuwa upande wa Rongai, saa tisa na nusu alasiri, nikikata nyasi za kando ya njia. Slasha yenyewe nilikuwa nimeinunua mkono wa pili, na aliyeniuzia alikuwa ameng'oa ile minyororo inayoning'inia mbele na nyuma, eti inashika nyasi. Niliona haipo. Nikafanya nayo kazi msimu mzima. Siku hiyo nikasikia mlio mmoja, ta! kama bati limepigwa nyundo, nikadhani kisu kimekatika. Nikazima trekta, nikashuka. Jiwe lilikuwa limevuka njia, likatoboa bati la jiko la jirani, likatua kando ya sufuria ya maharagwe. Mwenye jiko alikuwa ametoka kuchota maji. Watoto wa shule walikuwa wamepita hapo punde tu. Niliketi chini kwenye nyasi kwa sababu magoti yalikataa kunibeba.

Nimelibeba jiwe hilo tangu siku hiyo, na nikiulizwa kuhusu mashine za kukata nyasi, huanza nalo. Watu huniuliza, "Fundi, ipi nzuri, fleili au slasha?" kama mtu anavyouliza ng'ombe gani hutoa maziwa mengi. Mimi huomba nipelekwe shambani kwanza. Nataka nione kinachokatwa, nione mawe, nione njia inapopita na nyumba ziko wapi, kisha mwenye shamba aniambie anataka kukuta nini ardhini mashine ikishapita. Nikishajua hayo, bei tutaizungumza.

Sasa tuzielewe hizi mashine zenyewe, maana wengi tunazinunua bila kuinama kutazama chini yake.

Slasha ya trekta, ambayo wengine huiita rotari, ina giaboksi juu, shafti iliyosimama wima, na chini yake visu viwili, pengine vitatu, vinavyozunguka kwa ulalo kama feni ya dari. Visu vimeshikwa kwa bolti nene kwenye sahani ya chuma, na vinaweza kurudi nyuma vikigonga kisiki. Ni mashine ya nguvu na ni rahisi kuielewa. Sasa nisaidieni hesabu. Slasha inayokata upana wa mita 1.2, visu vikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ncha ya kisu inasafiri karibu mita 63 kila sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Hakuna gari linalopita Gilgil kwa mwendo huo. Jiwe likikutana na ncha ya namna hiyo linaondoka kwa ulalo, sawasawa na kisu kinavyozunguka, na kama hakuna mnyororo wala ukingo wa kulizuia, linaenda kokote.

Fleili imejengwa vingine kabisa. Shafti yake imelala kutoka upande hadi upande, kama mti wa kusukumia chapati, na juu ya shafti hiyo vimening'inizwa visu vidogo vingi. Hiki hapa ni kimoja. Wanakiita cha nyundo kwa sababu ni kizito na mdomo wake ni mpana. Vipo vingine vyembamba, viwili viwili vimepindwa vikaachana kama herufi Y, na hivyo hukata nyasi laini vizuri zaidi. Ile mashine iliyo pale nje ina vya nyundo 24. Giaboksi huzungusha mikanda, mikanda huzungusha shafti, na visu husimama kwa kani ya mzunguko. Shafti yenye mduara wa upana wa sentimita 40 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ncha ya kisu inaenda karibu mita 42 kwa sekunde, yaani inaachwa mbali na ile ya slasha. Halafu kisu chenyewe, hata hicho cha nyundo, ni chepesi kuliko cha slasha, kinazunguka ndani ya kifuniko kilichoikumbatia shafti, na nyuma kuna rola inayogusa ardhi kwa upana wote. Jiwe likirushwa, mara nyingi linagonga kifuniko na kuanguka papo hapo.

Sisemi fleili hairushi mawe. Hurusha, hasa mbele, iwapo zile pazia za chuma au za mpira zimeng'oka. Lakini nimekata kando ya njia nyingi kwa fleili, na nimekata kwa slasha, na moyo wangu haukai mahali pamoja kwenye kazi hizo mbili.

Mashamba yetu sasa yamekuwa ekari mbili, ekari tatu, na katikati kuna nyumba, jiko, mbuzi wamefungwa, njia ya watoto ya kwenda shule. Hatukati nyasi kwenye uwanda mtupu ambako jiwe likiruka linatua kwenye nyasi nyingine. Tunakata hatua ishirini kutoka mlangoni kwa mtu. Kwa hiyo mzee akiniambia fleili ni ghali, namwambia ni kweli, mara nyingi bei yake iko juu ya slasha ya upana uleule. Kisha namuuliza nyumba ya karibu iko umbali gani.

Nije kwenye kile kinachobaki ardhini, kwa sababu hapa ndipo wengi huchagua vibaya.

Slasha hukata bua mara moja au mbili na kulitupa. Nyasi ikiwa ndefu, unapata vichuguu na mistari: hapa rundo, pale peupe. Rundo hilo likikaa siku tatu mvua ikinyesha, nyasi ya chini yake inageuka njano. Fleili hukatakata mara nyingi kabla ya kuachia, kisha hutandaza. Ukipita baada yake kwenye nyasi za kikuyu unakuta kama zulia, na vipande ni vifupi kama kidole. Kwa wenye maparachichi huko Bahati na Subukia, hiyo ni faida kubwa. Matandazo yamelala sawa chini ya mti, unyevu unabaki, na vijiti vilivyokatwa wakati wa kupogoa, vile vya unene wa kidole gumba, vinasagwa humo humo. Pia fleili ni fupi, iko karibu na trekta, na nyingi unaweza kuzisogeza kando ili zipite chini ya matawi wakati wewe na trekta mko nje ya kivuli. Mwenye maparachichi akiniuliza, simfikirishi sana. Achukue fleili.

Lakini mwenye leleshwa anisikilize vizuri. Kuna kijana alikuja kwangu na fleili mpya, ameiburuta kutoka upande wa Gilgil. Alikuwa ameambiwa na aliyemuuzia kwamba inakata kila kitu. Akaiingiza kwenye kichaka cha leleshwa cha miaka mingi. Nilipoigeuza chini-juu nilihesabu visu vitano havipo, na beringi ya upande mmoja ilikuwa imepashwa moto hadi rangi ya chuma imegeuka samawati. Mti wa leleshwa ni mgumu, mnaujua, ni mti wa makaa. Fleili nyepesi za trekta zetu hazikuundwa kwa hiyo kazi. Hapo slasha ndiyo bwana: kisu kimoja kizito, kinarudi nyuma kikizidiwa, na bolti laini kwenye shafti inakatika kabla giaboksi haijapasuka. Na hata slasha ndogo ina kikomo. Shina likizidi unene wa mpini wa jembe, shuka na panga au msumeno. Bolti hiyo nayo, tafadhali, ikikatika irudishie ya aina ileile. Nimeona watu wakiweka bolti ngumu ya springi za lori ili isikatike tena. Haikatiki kweli. Inayokatika ni giaboksi.

Mabua ya mahindi je? Mashine zote mbili zinayaweza, na fleili huyasaga vizuri zaidi, yanaoza upesi, na bungua, yule mdudu aliyejificha ndani ya bua, anakosa nyumba ya kungojea msimu ujao. Mimi hapa husita. Wengi wenu mna ng'ombe wawili watatu, na mabua hayo ndiyo chakula cha Januari na Februari. Ukiyasaga shambani umelisha udongo, lakini ng'ombe wako atakutazama. Mkubaliane nyumbani kabla trekta haijaingia.

Na nyasi ya kuuza? Swali hili najua linakuja, kwa hiyo niliwahi. Kama una nyasi ya boma rodisi na unataka marobota, usinunue slasha wala fleili kwa kazi hiyo. Slasha huipasua nyasi na kuitawanya, ukienda kuikusanya nusu imebaki chini. Fleili huikata vipande vifupi ambavyo robota haliwezi kuvishika, tena hunyonya vumbi na udongo na kuvichanganya na chakula cha ng'ombe. Nyasi ya kukausha inataka kukatwa mara moja tu, chini, ilale ndefu. Hiyo ni kazi ya mashine ya madramu, au ile ya meno inayokata kama mkasi. Nimewaona watu wawili mwaka huu peke yake waliopoteza mavuno ya kwanza ya boma rodisi kwa kosa hili, na iliniuma, kwa sababu wote wawili walikuwa wamefanya bidii kubwa kupata mashine.

Sasa nguvu ya trekta. Vijana, sogeeni.

Trekta imeandikwa hosipawa 25. Hiyo 25 ilipimwa kwenye injini, karibu na usawa wa bahari. Sisi hatuko Mombasa. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo ni karibu mita 2,500. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Fanya hesabu: Nakuru mjini umepoteza kama asilimia 18, Molo kama asilimia 25. Ile 25 yako imekuwa 20 na kidogo, na ukiwa Molo ni 19 hivi. Toa tena kinachopotelea kwenye gia kabla nguvu haijafika kwenye PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine. Utabaki na 17 Nakuru, 16 Molo. Yenye tabo haipotezi kiasi hicho, lakini trekta ndogo nyingi tulizonazo hazina.

Kwa slasha, mafundi wengi hupima hosipawa 5 za PTO kwa kila futi ya upana. Kwa 17, unakata futi tatu na nusu bila kuitesa injini, au futi nne kwenye nyasi nyepesi. Fleili hula nguvu zaidi kwa upana uleule, kwa sababu inakata kila bua mara nyingi. Mwenye hosipawa 25 huku juu akiniuliza, namwambia achukue fleili ya sentimita 105, aache ile ya 125 ambayo muuzaji anamsukumia. Utapita mara nyingi zaidi, ndiyo. Lakini utapita bila moshi mweusi.

Na mkiwa kazini, msipunguze mafuta ili kuokoa dizeli. Hili nalisema kwa waajiriwa na kwa wenye trekta pia. PTO inataka mizunguko yake 540 kwa dakika, na visu visipofikia kasi yake vinararua badala ya kukata. Fleili ndiyo mbaya zaidi, visu vyake hulala. Nyasi ikiwa nzito, badilisha gia, nenda polepole, lakini injini iache iimbe.

Mteremko nao una neno. Slasha ni ndefu nyuma, ina gurudumu la mkiani, na ukiiinua kwenye miinuko ya Subukia mbele ya trekta kunakuwa kwepesi. Usukani unakosa la kushika. Inatakiwa ekseli ya mbele ibaki na uzito usiopungua asilimia 20 ya uzito wa trekta yenyewe. Weka vyuma vya uzito mbele. Fleili, kwa kuwa iko karibu na trekta, haikuvuti hivyo.

Wenye trekta za zamani, zile ambazo ukikanyaga klachi PTO nayo inakatika pamoja na gia, mna hatari ambayo wenzenu hawana. Slasha ina sahani nzito inayozunguka. Ukikanyaga klachi, sahani haisimami. Inaendelea kuzunguka na kuisukuma trekta mbele kupitia shafti. Unakanyaga ukitaka kusimama mbele ya ua, nayo inaendelea kwenda. Kuna kifaa kidogo cha kufunga kwenye PTO kinachoiruhusu mashine izunguke yenyewe bila kuisukuma trekta. Muulizeni fundi wenu kifaa cha kuachia cha PTO. Msiondoke na slasha dukani bila hicho kama trekta yenu ni ya aina hiyo.

Matengenezo nitayapitia upesi, isipokuwa jambo moja. Slasha ina visu viwili, unavinoa kwa grainda, unatia grisi, unaangalia mafuta ya giaboksi, basi. Fleili ina visu vingi, mikanda, beringi za shafti zinazotaka grisi karibu kila siku ya kazi, na kamba za marobota hujiviringisha kwenye ncha za shafti na kupasua sili. Seng'enge ni mbaya zaidi, kwa mashine zote mbili.

Jambo lenyewe ni uzito. Mama, nipe ile mizani ya jikoni. Hiki kisu ni kipya. Mnaiona sindano? Hiki kingine kimetumika misimu miwili. Sindano imeshuka, tena sana. Sasa fikiria hiki chepesi kiko upande huu wa shafti, na kile kizito kiko upande wa pili, na vinazunguka mara 2,000 kwa dakika. Mashine itatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na beringi haitamaliza wiki. Kisu kimoja kikikatika, badilisha na kile kinachokikabili upande wa pili, na vipime vyote viwili. Ndivyo ilivyo kwa slasha pia. Mafundi wetu wa jua kali ni hodari, wanachonga visu kutoka springi za lori na vinakata, lakini omba viwili, uende navyo kwenye mizani kabla ya kulipa.

Kuna ninalowaomba, na hapa sina mzaha. Usiingie chini ya mashine iliyoshikwa na haidroliki peke yake. Weka magogo, au stendi za chuma. Zima injini, toa ufunguo, tia mfukoni mwako wewe, si wa kijana wa kusaidia. Ukikata kwa slasha, hakuna mtu wa kusimama uwanjani, si karibu, si mbali kidogo. Na kabla ya kukata, tembea. Tembea shamba lote kwa miguu, okota mawe, okota waya, weka kijiti chenye kitambaa kwenye kisiki. Saa moja ya kutembea. Mimi siku ile ya Rongai sikutembea, na minyororo sikuirudishia, na hayo yote yalikuwa mikononi mwangu.

Mzee wa kule nyuma ameinua mkono. Ndiyo, baba. Unauliza kama ungepewa pesa za mashine moja tu, na una ekari nne, nusu malisho, robo maparachichi, na kipande cha kichaka kando ya bonde. Ningekushauri fleili ya visu vya nyundo, uitumie kwenye malisho na maparachichi, na kile kichaka ulipe mtu mwenye slasha aje mara moja kwa mwaka. Kingekuwa kichaka kitupu na nyumba ziko mbali, ningekuambia kinyume chake, slasha, na ubaki na pesa mfukoni.

Na mama anauliza kama kikundi kinaweza kununua moja kwa pamoja. Kinaweza. Lakini chagueni dereva mmoja, na daftari moja la grisi na visu, la sivyo mashine itakuwa ya wote na ya hakuna mtu.

Sasa tutoke nje. Trekta imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, na fleili nimeiegemeza juu ya magogo ili muione chini. Lile jiwe limefika wapi? Haya, njoo nalo. Tutaliweka kando ya visu, mlilinganishe wenyewe.